Muulize Dereva Mstaafu: Swala kwenye buti, hamsini za Mikumi na kuchimba dawa porini

Mwezi huu sijui mmeambizana, maana barua karibu zote zimeangukia sehemu moja, zile kilometa 50 za barabara kuu ya Morogoro–Iringa zinazokatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Nadhani ni wale waliorudi kutoka likizo nyanda za juu kusini. Nimechagua tano, zingine zinafanana, na wale walioniandikia matusi kuhusu trafiki nimewasoma pia ila mniwie radhi, mimi siyo trafiki.

Shikamoo mzee. Nilikuwa natoka Mbeya narudi Dar, basi lilichelewa sana Makambako kwa ubovu, tukaingia Mikumi giza linaanza. Tumeshapita mjini tuko ndani ya hifadhi nikasikia kishindo, basi limegonga swala. Dereva akasimama, konda na abiria wawili wakashuka wakamburuta wakamtia kwenye buti juu ya magunia ya mchele ya watu, safari ikaendelea. Begi langu lilikuwa humo, nilipofika Mbezi nikakuta limelowa damu. Nikalalamika, konda akaniambia mama, swala ashakufa, ulitaka aoze? Watu wakacheka. Je, walikosea au mimi ndo mnoko? — Mama Wawili, Mbagala

Marahaba mama. Wewe siyo mnoko hata kidogo, na hao waliocheka hawakujua wamepandia gari la aina gani usiku ule.

Iko hivi, mnyama wa hifadhini ni mali ya serikali akiwa hai na akiwa mzoga, haijalishi amegongwa na basi, ameuliwa na simba au amekufa kwa uzee wake. Nyama yake, ngozi yake, pembe zake, vyote vinaitwa nyara za serikali, na ile Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haikuulizi kama uliwinda au uliokota, inakuuliza kibali kiko wapi. Huna kibali, umekutwa na nyara. Magazeti yetu yameshaandika mara nyingi watu wanapigwa miaka 20 jela kwa nyama ya swala, mtu alikuwa na kilo chache tu kwenye rambo. Sasa hebu fikiria buti la basi, swala mzima, damu imetapakaa kwenye mizigo ya watu kumi tofauti, mnafika kizuizini askari anafungua. Mwenye gunia la mchele ataanza kujieleza saa ngapi? Na wewe na begi lako?

Halafu kuna la afya ambalo watu hawalifikirii. Swala mzima wa afya ni mnyama mwepesi kuliko wote unaowaona pale, anaruka kama mpira. Ukimkuta amezubaa barabarani mpaka basi linamfikia, wakati mwingine ni taa zimempumbaza, sawa, ila wakati mwingine ni mgonjwa, na wanyamapori wanapata kimeta kama ng'ombe. Nani kampima huyo wa kwenye buti? Kaenda kuliwa mishikaki mahali, Mungu awasaidie.

Kilichotakiwa ni hiki: dereva awashe hazadi, asogee pembeni, asimruhusu mtu kushuka hovyo, halafu atoe taarifa kwa askari wa hifadhi, na kama gari linatembea aende mpaka geti la Kikoboga ambalo liko hapohapo barabarani. Kuna faini, ndiyo, na imepangwa kwa mnyama mmoja mmoja, kuna bango kabisa limeandikwa kila mnyama na bei yake kwa dola. Hiyo ndo inayowafanya wakimbie. Kwenye lile bango swala ni wa bei ya chini, wa juu kule ni tembo na twiga, ukimgonga mmojawapo wa hao na gari umelikopea, utauza gari ubaki na deni.

Na konda aliposema ulitaka aoze, jibu ni ndiyo mama, alitakiwa aoze au aliwe na wenyewe. Ila siyo palepale juu ya lami. Hili nimejifunza kwa macho yangu: mzoga ukibaki katikati ya barabara, usiku anakuja fisi, anagongwa. Asubuhi wanakuja tai, wamekula wameshiba kuruka hawawezi vizuri, wanagongwa. Swala mmoja anageuka maiti nne. Ndo maana taarifa ni muhimu, askari wanakuja wanamvuta mbali na lami.

Begi loweka maji baridi na chumvi, usianze na maji moto, damu itagoma kutoka.

Mkuu habari. Mimi naendesha gari dogo, IST, kila wiki mbili naenda Iringa. Naomba unielezee kitaalamu, barabara ni mkeka, imenyooka, unaona mbele kilometa nzima, halafu wanasema spidi 50! Na tochi wanakuvizia, na matuta, na rasta, yale matuta madogo ya kufuatana, mpaka meno yanagongana. Tembo mwenyewe ni mkubwa kama nyumba, nani hamuoni tembo? Mimi naona ni mradi wa kukusanya hela tu. — Kijana wa Kihonda

Kijana wangu, la tochi tutalijadili siku ingine, hata mimi zimenipata. Tuongee kuhusu tembo mkubwa kama nyumba.

Mwaka nilioanza kushika usukani mwenyewe baada ya kuwa utingo muda mrefu, nilipata pancha maeneo ya Mkata, humohumo hifadhini, saa tatu usiku, semi imejaa mbolea. Tairi la nyuma la ndani, lile baya. Nikaweka pembetatu, nikakata matawi nikaweka nyuma kule, utingo wangu ananimulikia tochi, tumelala chini tunahangaika na jeki. Mara utingo akaniambia kwa sauti ndogo kabisa, kaka, usiinuke. Nikageuza shingo. Mita kama ishirini kutoka kwenye pembetatu palikuwa na miguu. Siyo tembo, miguu tu, maana juu kote ni giza na mwili wake una rangi ileile ya lami na ya usiku. Wakapita mmoja, wawili, wakawa saba na mtoto wa nane, na nakuapia sikusikia hatua hata moja, nilichosikia ni matumbo yao yanaunguruma na jani linakatika. Tumekaa chini ya trela mpaka wamemalizika. Tairi tulikuja kulibadilisha kwenye saa tano.

Kwa hiyo nani hamuoni tembo? Dereva wa usiku hamuoni. Swala macho yake yanang'aa kwenye taa unamjua mapema, lakini tembo macho yako juu na ni madogo, nyati ni mweusi tii, na twiga ndo balaa maana taa zako zinamulika magoti, ukidhani ni vijiti viwili vya pembeni, mwili wenyewe uko juu ya mwanga. Ukimgonga twiga na IST anakatika miguu anakudondokea kwenye kioo.

Sasa hesabu, umesema nikueleze kitaalamu. Kwenye 50 gari linakata mita kama 14 kila sekunde. Mpaka umeona, akili imekubali, mguu umefika kwenye breki, ni sekunde moja na nusu, umeshatembea mita 21. Breki yenyewe kwenye lami kavu na matairi mazima inakula kama mita 14 zingine. Jumla 35. Twende kwenye 100 unayoipenda wewe: mita 42 kabla hujagusa breki, halafu 56 za kusimama, jumla karibu mita 98. Taa zako ukiwa umeshusha kwa sababu unapishana na semi hazikuonyeshi mita 98 kwa uhakika, zinakuonyesha labda nusu ya hapo. Maana yake ukimuona umeshamgonga, bado kusikia sauti tu. Na hiyo ni IST. Semi yenye tani 30 usiniulize, pale breki ni za kuomba dua.

Na unachookoa ni nini? Kilometa 50 kwa spidi 50 ni saa moja. Kwa 100 ni nusu saa. Basi, hiyo nusu saa ndo mchezo wote, ukifika Iringa unaikalia kijiweni unakunywa chai.

Lingine ambalo ukiliona utaelewa kwa nini wanyama wamejazana pembeni ya lami na siyo kule porini kwao. Maji ya mvua yanateleza kwenye lami yanaishia pembeni, nyasi pale zinachipua laini, na zikifyekwa ndo zinachipua tena. Pundamilia na swala wanaona wametandikiwa meza. Kiangazi kuanzia mwezi wa sita hivi, majani yameungua, unawaona mbali, ila wanavuka sana kutafuta maji. Masika nyasi zimepanda hadi kifuani, mnyama anatokea kwenye nyasi moja kwa moja juu ya bonet. Alfajiri na jioni ndo kubaya zaidi. Na ukiona mmoja amevuka usikanyage mafuta ukasema kapita, huyo ni kiongozi, wenzake wako nyuma na mtoto ndo wa mwisho kabisa, anakurupuka akiona anaachwa.

Dalili za wazee: ukikuta mavi ya tembo yanafuka moshi barabarani punguza, wako hapo. Ukipigiwa taa na anayetoka mbele usidhani ni trafiki tu.

Ila hapo kwenye rasta nakubaliana na wewe, kuna sehemu zimezidi.

Mzee naomba jibu fupi. Basi likiwa ndani ya hifadhi, abiria wamebanwa, ni ruhusa kusimama kuchimba dawa? — Abiria aliyebanwa, Songea

Hapana. Kukatiza na barabara kuu hulipi kiingilio kwa sababu unapita tu, ukishaanza kusimama, kushuka, kupiga picha na kuingia vichakani unafanya kitu kingine. Atakayechungulia kwanza ni nani, wewe au simba? Mwambieni dereva asimame Mikumi mjini au upande wa Doma kabla hamjaingia, choo kipo, mia mbili mia tatu mnalipa mnaenda. Ukitaka kuona wanyama kwa nafasi, ingia pale Kikoboga ulipe, utembezwe kwenye njia za ndani, uwanda wa Mkata ni mzuri kuliko hicho unachokiona dirishani.

Habari za huko nyumbani. Mimi niko Florida, Marekani, mwaka wa sita sasa naendesha lori, nabeba nyanya kutoka Immokalee. Napita sana barabara ya jimbo namba 29, kwa upande mmoja kuna hifadhi ya panther wao. Usiku kuna vibao spidi inashuka mpaka maili 45, kuna uzio mrefu na chini ya barabara wamejenga njia za wanyama kupita. Kila nikipita naikumbuka Mikumi, mimi ni mtoto wa Kilosa. Kwa nini sisi tusijenge hivyo, au barabara ihamishwe kabisa? — Msukule wa Usukani, Florida

Karibu sana mtoto wa Kilosa, na jina ulilojipa limenichekesha.

Kwanza niwaeleze wenzako, huyo panther siyo chui wetu, ni puma, paka mkubwa wa porini wa kwao Amerika, na wamebaki wachache mno, makadirio ya wenyewe ni kati ya 120 na 230 hivi kwa wakubwa. Hifadhi yao ilianzishwa 1989 na kinachowaua zaidi siyo bunduki, ni magari. Maili 45 ni kama kilometa 72 kwa saa. Kwa hiyo kijana wa Kihonda asome hapa, Wamarekani na barabara zao zote hizo nao wanaambiwa wapunguze usiku.

Njia za chini siyo ndoto kwa Afrika Mashariki. Kenya wanayo moja chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, wameiunganisha hifadhi ya Lewa na msitu wa Mlima Kenya, ilifunguliwa mwishoni mwa 2010 na tembo dume wa kwanza kupita walimpa jina Tony. Watu walibisha sana kwamba tembo hatakubali kuingia kwenye tundu chini ya magari, naye akakatiza siku zilezile za mwanzo. Na reli ya SGR ya Mombasa pale Tsavo ina sehemu za wanyama kupita chini.

Lakini angalia tofauti. Lewa ni ushoroba mwembamba, yaani njia ya wanyama, tembo wote wanakuja pale, unajenga tundu moja na uzio unawaelekeza. Florida ni puma, yeye anazunguka peke yake, na uzio mrefu unamsukuma mpaka kwenye tundu. Mikumi barabara imekata uwanda wenyewe, kushoto hifadhi, kulia hifadhi, wanavuka popote kuanzia Doma mpaka karibu na mjini. Ukiweka uzio kilometa 50 umeigawa hifadhi vipande viwili, upande mmoja una maji mwingine hauna, na kwa matundu mangapi? Na twiga anapita tundu la urefu gani? Mimi binafsi uzio siutaki.

Kuhamisha barabara nako ni maneno mepesi. Hifadhi ilitangazwa 1964 na barabara ya Iringa ilikuwa inajengwa miaka hiyohiyo, yaani vimekua pamoja kama mapacha wasiopendana. Sasa hivi ndo njia ya mizigo ya Zambia na ya Congo, shaba inashuka, mafuta yanapanda. Kuna njia ya kuzunguka Dodoma halafu Iringa, ina lami, ila kutoka Dar unaongeza kama kilometa 200, nipe jina la tajiri mmoja atakayelipa hiyo dizeli kwa hiari. Barabara ambayo haijajengwa ndo rahisi kuizuia, kama ile iliyotaka kukatiza kaskazini mwa Serengeti, Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha ilisema 2014 kwamba lami haitakiwi. Ya Mikumi lami iko chini miaka hamsini na ushee.

Mimi ningeanza na usiku. India kuna hifadhi inaitwa Bandipur, barabara kuu inapita ndani, tangu 2009 wanaifunga kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 12 asubuhi, wanapita ambulensi na mabasi machache ya kuhesabika. Kelele zimepigwa mpaka leo na wafanyabiashara wa upande wa pili, kesi juu ya kesi, ila geti linafungwa. Najua madereva wenzangu mnaosoma hapa mmeshaanza kunitukana, mna siku za kufikisha mzigo mpakani na bosi anapiga simu kila saa. Nimekuwa huko. Basi hata kama siyo kufunga, semi zipite kwa kundi, zinaongozwa, spidi moja. Tajiri wangu mmoja wa zamani, jina namuachia mwenyewe, alikuwa anatukata mshahara tukichelewa kwa saa, halafu tukigonga mnyama anasema hiyo ni juu yako dereva. Ukimbana huyo kwanza, spidi ya Mikumi inashuka yenyewe bila tuta hata moja.

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, tulipeleka watoto ziara Mikumi. Barabarani nyani walikuwa wamejipanga kama wanasubiri daladala. Watoto walifurahi wakarusha ndizi na biskuti dirishani, dereva ndo aliwaambia warushe. Askari wa getini alitugombeza sana mbele ya watoto. Nilijisikia vibaya, kwani nyani kula ndizi kuna ubaya gani? — Mwalimu, Morogoro

Marahaba mwalimu, pole kwa kugombezwa, ingekuwa vizuri angekuita pembeni.

Ubaya siyo ndizi, ubaya ni mahali ilipoangukia. Nyani ana akili, umemfundisha kwamba basi likipita linatoa chakula, kesho na keshokutwa anakaa palepale kwenye mstari mweupe na mtoto mgongoni akingoja basi, na linalokuja safari hii siyo la shule, ni semi. Nyani wa barabara hii wanakufa kwa staili hiyo miaka mingi, kuna mtafiti aliandika kuhusu vifo vya wanyama kwenye lami ya Mikumi mwaka 1995 na nyani aliwapa nafasi yao ya pekee. Wakigongwa hawakimbii wote, wanarudi kumuangalia mwenzao. Hapo ndo wanaongezeka.

Halafu nyani aliyezoea anaacha kuogopa watu. Pale kwenye vibanda vya Mikumi mjini niliona mmoja amemnyang'anya mama muuza matunda ndizi mzigo mzima, yule mama akamtupia ndala, nyani akaiokota ndala akaondoka nayo pia. Watu tulicheka, mama hakucheka, ile ilikuwa mtaji wake wa siku.

Mkirudi mwakani waambie watoto wahesabu badala ya kurusha, kila mmoja na daftari lake, dirisha la kushoto nyani na ngiri, la kulia pundamilia na twiga, mtakaofika Kikoboga na idadi kubwa ndo mnashinda hizo biskuti. Dereva naye mpe daftari, aandike spidi.